Kwa Skuta Kumtafuta Nyambura

Tangu nirudi Voi, kila nikikaa kunywa chai mtu ananiuliza habari za Thika. Wengine mnauliza kwa upole, wengine mnachungulia chumbani kama kuna mtu nimemficha. Nimesimulia vipande vipande, na kila kipande kimeongezwa chumvi huko sokoni, hata juzi nikasikia kwamba nilipigana na mwanamke wa Kikuyu katikati ya shamba la kahawa. Sikupigana na mtu. Nimeona afadhali niandike yote kwa mara moja, anayejua kusoma awasomee wengine. Mambo ya ruhusa ya kazi na tiketi nayaruka, hayana ladha.

Wengi wenu hamkujua kwamba nina mdogo wangu. Baba alikuwa mtu wa reli, na nilipokuwa mtoto alipangiwa kazi stesheni ya Ruiru, kubadilisha njia za treni na kushika bendera. Huko ndiko mama alikofia, siku ile ile alipojifungua. Mtoto alibaki analia njaa. Jirani mmoja mchumaji kahawa, jina lake Wanjiru, alikuwa amezika mtoto wake siku chache tu nyuma, na maziwa bado yalikuwa yanamtoka. Akamchukua wetu, akampa jina Nyambura. Baba alipohamishiwa Voi mtoto alikuwa bado ananyonya, wakakubaliana kwamba akiacha ziwa tutarudi kumchukua.

Hatukurudi. Vikaja vita vya Wazungu, halafu baba akaoa, halafu ikaja Hali ya Hatari, na safari ikawa ni ya mwaka ujao kila mwaka. Tulipomaliza matanga ya baba, shangazi aliniita kando akasema, "Wakesho, nenda Ruiru ukamlete mtoto wa kaka yangu." Huyo mtoto alikuwa sasa ni mwanamke mzima, na mimi sikuijua hata sura yake.

Voi mpaka Thika

Treni ilitusimamisha Konza. Mbele yetu treni ya mizigo ilikuwa imeharibika, na hakuna aliyejua itaondolewa lini. Watu walishuka, wakawasha moto kando ya reli, wakachemsha chai kama wamehamia pale. Mbele yangu alikaa mama wa Kikamba mwenye kapu la chakula alilolifungua bila haraka.

"Unaenda kumwona nani huko?" akaniuliza.

"Mdogo wangu."

"Anakungoja?"

"Hajui kama niko duniani."

Alinitazama kidogo, akanikatia paja la kuku, akaliweka mkononi mwangu. Nilikula, na ndipo nilipotambua kwamba tangu asubuhi nilikuwa nimeshindwa kula kwa wasiwasi.

Nairobi nikabadilisha, nikapanda treni ya Thika. Nilikuwa nimepanga kushuka Ruiru nikaulize pale pale. Treni ilipopunguza mwendo nikaziona nyumba za reli, vile vyumba vya mabati vilivyopangwa mstari mmoja, na nguo zimeanikwa mbele yake kama zamani. Mama alikuwa akianika pale pale, akizibana kwa vijiti ili upepo wa treni usizipeperushe. Niliinuka, nikashika mkoba wangu, nikashindwa kushuka. Nikakaa tena. Treni ikaondoka nami mpaka Thika.

Thika mjini

Nilifikia Majengo, kwa Mama Zainabu, yule shangazi wa dresa wetu wa zahanati. Baba yake alikuwa mtu wa Tanganyika na mama yake Mkamba, naye amezaliwa Thika na hajui kwingine. Alinipokea kama mtu aliyetoka kwenye kazi ya jirani tu, akanipa sambusa na chai ya tangawizi, kisha akataka kusikia yote.

"Mwanangu," akasema nilipomaliza, "Ruiru yenyewe ni karibu. Lakini watu wa mashamba walihamishwa wote wakati wa Hatari, wakakusanywa vijijini. Ukimtafuta kwa miguu utazeeka njiani. Wewe si unaendesha kile kipikipiki cha zahanati?"

Ndivyo nilivyopelekwa kwa Mhindi mmoja mtengenezaji wa baiskeli, aliyekuwa na skuta moja ya kukodisha. Ilikuwa ya kijani, magurudumu mafupi, kiti cha nyuma kimeshonewa turubai. Alinitazama juu mpaka chini.

"Mama, nani ataendesha?"

"Mimi."

"Wewe mwenyewe? Bwana hapana kuja?"

Nikaikanyaga ikawaka, nikazunguka duka lake, nikasimama pale aliposimama yeye. Akacheka. Kisha akanieleza ugonjwa wa skuta ile: ukikata kushoto, honi inalia yenyewe. Alikuwa ameijaribia dawa zote ikakataa.

Basi Thika nzima ilinijua siku hiyo hiyo. Nilipita kwenye maduka ya vitambaa, washonaji wakainua vichwa kwenye cherehani zao barazani. Nilipita karibu na kiwanda cha ngozi nikajiziba pua. Nikafika mahali panapouzwa mananasi, nikala moja zima nimeegemea skuta, maji yananitiririka mpaka kwenye viwiko. Baba alituleta Thika mara moja tu, mimi na mama, kununua blanketi kabla mtoto hajazaliwa. Tulikula nanasi. Mama alikuwa mzito, akakaa kwenye kizingiti cha duka huku akicheka, kwa kuwa kila aliposhika kipande kilimteleza kikaangukia tumboni. Nilikuwa nimekisahau kicheko hicho miaka mingi. Kilinirudia pale, kati ya wauza mananasi, nikalazimika kugeuza uso nione magari.

Njia ya Ruiru

Kesho yake niliondoka umande ukiwa bado kwenye majani. Mkonge ulikuwa umesimama mistari pande zote, kisha ukaisha, kahawa ikaanza. Ilikuwa imechanua. Kama hamjawahi kupita kwenye kahawa iliyochanua asubuhi, siwezi kuwaeleza harufu yake, ila mimi ilinirudisha utotoni kabla sijafika popote. Njia za shambani ni udongo mwekundu, na mvua ilikuwa imenyesha. Nilianguka mara moja, polepole, kama mtu anayelala. Wachumaji kahawa walikuja kuniinua wakicheka kwa adabu.

Niliwauliza habari za Wanjiru aliyekuwa akikaa karibu na stesheni. Walipokea jina hilo, wakatazamana, wakarudi kwenye miti yao. Mahali pengine ikawa vile vile. Nilidhani ni Kiswahili changu hawakielewi. Mzee mmoja ndiye aliyeniambia nijaribu Gitothua, kwa kuwa wengi walihamishiwa huko, naye akaondoka kabla sijamshukuru.

Gitothua nilikuta nyumba zimesongamana, paa za nyasi, vichochoro vyembamba, mbuzi. Nilikata kushoto kuingia kijijini na honi ikalia. Watoto wakakimbilia ndani. Mbele ya nyumba moja alikuwapo mwanamke mwembamba, amevaa koti kuukuu la kiume, anapepeta maharagwe. Nilishuka nikamsalimu.

"Habari ya hapa, mama."

"Mzuri. Unatafuta nini?"

"Ninamtafuta mama Wanjiru, na binti anayeitwa Nyambura. Mimi ninaitwa Wakesho. Baba yangu alikuwa stesheni hapo chini, zamani."

Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Kisha ikaendelea.

"Wanjiru arikufa," akasema. "Hiyo msichana iko, rakini si hapa. Arienda Thika, Kiandutu. Anauza uji huko. Enda huko."

"Alikufa lini?"

"Zamani. Enda Kiandutu."

Hakuniinulia macho tena. Nilirudi kwenye skuta nikiwa na uchungu mkubwa, maana nilikuwa nimezoea kuwaza kwamba nitamwona yule mama. Nilimkumbuka akiwa mnene na mrefu, nyumba yake ina moshi na njahi, yale maharagwe meusi ya Wakikuyu, jikoni, nami nimekaa karibu na miguu yake nikimtazama akimnyonyesha mdogo wangu.

Kiandutu

Kiandutu niliingia kwa kumsukuma yule farasi wangu wa kijani, kwa sababu njia hazikumtosha. Vyumba vimebanana, kuta za udongo, wanaume wanaongoja vibarua wamekaa wamejiinamia. Kosa langu lilikuwa mkoba. Nilibeba ule wa kazini, wa ngozi nyeusi, na mwanamke anayekuja na skuta na mkoba mweusi ni mtu wa sindano. Wamama nusu walificha watoto, nusu wakawaleta mbele. Nikaeleza kwamba mimi ni mgeni tu. Mmoja akasema, "Ndiyo, hata yule wa mwezi uliopita alisema hivyo," kisha akakamata mwanawe kwa nguvu zaidi.

Mwisho niliona kuna msichana mjamzito amevimba miguu, sikuweza kumpita. Nikampima pale pale, nikawaambia wenziwe wampeleke hospitali bila kungoja. Baada ya hapo kila mtu akawa rafiki yangu. Muuza uji, mama mmoja wa makamo aitwaye Njoki, aliniketisha kwenye gogo akanimiminia kibuyu kizima.

"Hapa wauza uji nawajua wote," akasema. "Nyambura gani?"

"Aliyelelewa na Wanjiru wa Ruiru. Yule marehemu."

Njoki aliweka kata chini. "Marehemu? Wanjiru nilimwona Jumapili, tumetoka kanisani pamoja. Na Nyambura alikuwa naye. Nani amekuambia amekufa?"

Nilimweleza: mwanamke mwembamba, koti la kiume, anapepeta maharagwe.

"Koti hilo ni la mzee wake," Njoki akasema taratibu. "Alichukuliwa kizuizini, hakurudi. Dada yangu, huyo uliyeongea naye ndiye Wanjiru."

Nilibaki na kibuyu mkononi. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa moto. Nilimwambia Njoki kwamba ninarudi sasa hivi kumuuliza amenifanyia nini. Hakunizuia. Alisema tu, "Wakati ule wa Hatari, mgeni akija akitaja jina la mtu, huyo mtu jioni hayuko. Kumbuka hilo njiani."

Nililikumbuka njiani. Nilianza safari nikiwa nimeshika maneno makali, na kila shamba nililopita likaninyang'anya neno moja. Nilipoona kahawa ya Ruiru sikuwa na neno lolote.

Gitothua mara ya pili

Safari hii nilizima skuta mbali nikaisukuma. Wanjiru alikuwa pale pale, na karibu naye amesimama msichana mrefu, kapu la kuchumia kahawa bado mgongoni. Hakuna aliyehitaji kunitambulishia mtu. Nilikuwa natazama paji la uso la baba na mikono ya mama.

"Umerudi," Wanjiru akasema.

"Nimerudi, mama."

Akasogeza kigoda kwa mguu. Nikakaa.

"Mara ya kwanza niriogopa serikari," akasema. "Uriposema jina rako, nikaogopa wewe. Niriogopa wewe zaidi."

"Kwa nini?"

"Serikari imechukua bwana yangu. Nyumba yangu ya zamani imechomwa. Hii peke yake ndiyo imebaki." Hakumwonyesha Nyambura kwa kidole, aliinua kidevu tu upande wake. "Sasa umekuja na gari."

Ningecheka kusikia skuta ikiitwa gari, lakini machozi yalikuwa yananishuka. Nilitaka kumwambia kwamba sikuja kumnyang'anya mtu, na nikaona itakuwa uongo. Ndicho nilichotumwa.

Nyambura aliongea na mama yake kwa Kikuyu, kisha akanigeukia. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, alisoma kidogo misheni.

"Wewe ni dada yangu yule wa treni?"

"Ndiyo."

"Nilipokuwa mdogo, kila treni ikisimama nilikimbia hapo juu kwenye kilima. Maitu, mama yangu huyu, aliniambia baba yangu atashuka siku moja. Hakunificha. Nilikimbia mpaka nikawa msichana mkubwa, wenzangu wakanicheka, nikaacha." Akavua kapu, akaliweka chini. "Kwa nini hamkushuka?"

Nilimweleza vita, ndoa, Hatari. Nilipokuwa nikisema, sababu zote zilionekana ndogo, kama vitu vya kuazima. Nikasema mwisho, "Baba alikuwa na aibu. Kila mwaka ilizidi, ikawa nzito kuliko safari yenyewe. Amekufa nayo."

Alikubali kwa kichwa. Sijui kama alisamehe. Wanjiru akaingia ndani akatoka na viazi vitamu kwenye sahani ya bati, akanipa mimi kwanza.

Nyumba za reli

Baada ya kula, Nyambura aliizunguka skuta, akagusa kiti cha nyuma.

"Hii inaweza kubeba watu wawili?"

Tukashuka stesheni, yeye amenishika kiunoni kwa nguvu, kichwa amekificha mgongoni pangu. Tulipokata kushoto honi ikalia, akapiga ukelele. Mara ya pili ikalia, akacheka. Rafiki zangu, kile kicheko. Kilikuwa kinapanda kidogo kidogo kisha kinakatika, kama mtu anayetelezewa na kitu mkononi. Nilitafuta tu njia nyingine ya kukata kushoto, na nyingine tena, tukazunguka Ruiru nzima bila sababu, kwenye maduka ya Wahindi, darajani kwenye mto, mpaka kanisani kwao na kurudi.

Chumba chetu cha zamani kilikuwa na wenyewe, mama mmoja kijana kutoka Kisumu, mume wake anafanya kazi ile ile ya baba. Nilipomweleza tulichotaka alifadhaika kwamba hajafagia. Akatuketisha kitandani, akatuchemshia chai, akatafuta sukari kwa jirani. Nilimwonyesha Nyambura mahali kilipokuwa kitanda cha mama, na dirisha ambalo mama alilifungua mwenyewe asubuhi ile kwa kuwa alisikia joto. Yule mama kijana, naye mjamzito, alishika tumbo lake, akatoka nje taratibu akatuacha.

"Aliitwa nani?" Nyambura akauliza. "Maitu anamwita mke wa bendera tu. Jina lake halijui."

"Mkawasi."

Akalitamka mara mbili, polepole, la pili likatoka sawasawa. Treni ikapita, vikombe vikatetemeka kwenye meza.

Kaburi hatukuliona. Pale nilipokumbuka palikuwa pamepandwa kahawa, na mistari yote inafanana. Tulisimama kwenye mmoja wao, maua yanatudondokea mabegani. Hapo nikamwambia lile nililotumwa.

"Shangazi anataka urudi nyumbani."

"Nyumbani nikienda, Maitu atapepeta maharagwe ya nani?" Alisema bila ukali. "Nitakuja kuwaona. Wakiniruhusu kutoka, maana mimi kwa serikali ni Mkikuyu, na Mkikuyu hatembei hivi hivi. Lakini nitakuja na nitarudi."

Ilinichoma. Nilikuwa nimewaza siku nyingi jinsi tutakavyoshuka Voi pamoja, jinsi mtakavyotutazama. Nikamwambia sawa. Sauti yangu haikuwa sawa, naye alijua, akanishika mkono mpaka tulipofika kwenye skuta.

Kurudi

Nilikaa siku nyingine chache. Kila jioni nilikimbiza skuta kutoka kwa Mama Zainabu mpaka Gitothua. Nilimfundisha Nyambura kuiendesha kwenye uwanja wa kanisa, akaangusha ua wa padri, tukausimamisha tena kwa mawe. Wanjiru alitutazama kutoka mbali amejifunika koti lake. Hakuniambia mengi. Alipika irio, viazi vya kuponda na mahindi, akaniwekea sahani, nikila kidogo akaongeza.

Siku ya kuondoka nilimrudishia Mhindi skuta yake. Nilikuwa nimeagana na Nyambura jana yake, kwa kuwa asubuhi alikuwa kwenye kahawa. Treni ya kutoka Thika ilisimama Ruiru kwa muda mfupi. Nilichungulia dirishani bila kutegemea kitu, nikamwona Wanjiru. Alikuwa peke yake, anatembea upesi kando ya mabehewa, anaangalia kila dirisha. Nikamwita.

Alifika akihema, akaniinulia mfuko wa kiondo. Viazi vitamu, bado vya moto.

"Huko kwenu watauriza kwa nini hukumreta," akasema.

"Wataniuliza, mama."

"Waambie ni mimi nirikataa. Usiseme ni yeye."

Filimbi ikalia. Akashika ukingo wa dirisha, akatembea sambamba na treni, na kwa mara ya kwanza akanitazama machoni sawasawa.

"Ukija mwaka ujao, usirare Thika kwa watu. Na wewe nirikurisha hapa, wakati baba yako yuko kazini. Umesahau? Rara kwangu."

Treni ikaongeza mwendo, akaachia. Nilimtazama mpaka nyumba za reli zikamficha, na koti lile ndilo la mwisho nililoliona. Nilikula viazi vyote kabla ya Nairobi, peke yangu, bila kumgawia mtu. Nilipofika hapa nilimwambia shangazi ukweli wote, pamoja na lile nililoombwa nisiseme. Akauliza huyo Wanjiru anavaa kanga ya namna gani, kwa sababu anataka kumpelekea doti moja.